Picha za wasifu kwa timu zinazofanya kazi kwa mbali: ipi kati ya huduma hizi inastahili pesa

Timu ambayo kila mtu anafanyia kazi nyumbani huwa na ukurasa wa wafanyakazi usiotazamika: huyu kajipiga garini, yule kakatwa kwenye picha ya harusi. Huduma za kupiga picha kwa mbali zimekuja kuondoa hilo, nazo ziko za aina tatu. Tunayoipendekeza ni moja tu: ile ambayo mpigapicha yuko hewani na mhusika, anamwona, anamwelekeza na ndiye anayebonyeza.

Mfanyakazi hutumiwa kiungo, akakifungua kwenye simu na kuruhusu kamera na kipaza sauti. Simu huegemezwa kwenye rundo la vitabu au kuwekwa kwenye stendi, lenzi ikiwa usawa wa macho, na kamera ya nyuma ndiyo inayomtazama, kwa sababu kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole hufanya picha nzima ionekane ina ukungu.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: picha inahifadhiwa kwa ukubwa kamili kwenye simu kisha kupakiwa, au inakatwa kutoka kwenye video? Fremu ya video ya 1280 kwa 720 haifiki hata megapikseli 1 (nukta za picha, yaani pikseli, milioni moja), ilhali picha ya 4000 kwa 3000 ni megapikseli 12. Kwenye kiduara cha mtandaoni tofauti haionekani. Kwenye karatasi inaonekana: sentimita 10 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi zinahitaji pikseli zipatazo 1,180. Faida nyingine ya kuhifadhi kwenye simu ni kwamba intaneti ikisuasua, video itakwama lakini picha zitabaki salama kwenye simu na kupakiwa baadaye.

Mpigapicha anayeijua kazi utamtambua mapema, maana dakika za mwanzo atazitumia kwenye mwanga. Atataka balbu zizimwe. Mwanga wa mchana una takriban kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), wa balbu za njano karibu 2700. Vikichanganyika, shavu moja linakuwa la samawati na jingine la chungwa, na mhariri akilisahihisha hili analiharibu lile. Kisha atamsogeza mtu karibu na dirisha, uso ukiwa umeligeukia kwa nyuzi 45 hivi. Jua likipiga moja kwa moja, pazia jepesi hulilainisha. Kivuli kikizidi upande wa pili, shuka jeupe lililotandazwa juu ya kiti hurudisha mwanga wa kutosha.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni ukaribu. Simu ikiwa nusu mita kutoka usoni, pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Mtu akae mita 1.5 hadi 2, kisha picha ikatwe wakati wa kuhariri. Hapo ndipo zile megapikseli 12 zinapolipa.

Ukuta mweupe nao ni mtego. Kamera ikiuona, hupunguza mwanga wa picha nzima, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayeumia zaidi, uso ukapoteza maumbo yake. Dawa ni kuifanya kamera ipime mwanga kwa uso, si kwa ukuta, na kukifunga kipimo hicho kabla ya kupiga. Huduma inayosubiri hadi kwenye uhariri ndipo "iang'arishe" ngozi, tunaikataa kabisa: mtu ana haki ya kuonekana kwa rangi yake.

Usuli wa kubadilishwa kwa programu huharibika kwenye nywele. Misuko, nywele za kipilipili na ncha za mtandio humegwa pembeni. Ukuta wa rangi moja inayotofautiana na nywele, mtu akiwa mita moja mbele yake, hupunguza tatizo sana. Kwenye miwani, inua kidogo vishikio nyuma ya masikio ili kioo kiiname, na mng'ao wa dirisha utaondoka.

Aina ya pili, ya kutuma picha uliyojipiga ili ihaririwe, inafaa pale tu picha ilipopigwa vizuri tangu mwanzo. Itumwe kama faili, maana programu za ujumbe huibana picha ya kawaida.

Ya tatu ni akili mnemba inayounda sura mpya kutokana na picha kadhaa za mtu. Hereni hazilingani, kola haina mwisho, meno yanazidi, na mara nyingi uso ni wa binamu yake. Kwa anayekutana na wateja ana kwa ana, haifai. Kwa huduma yoyote kati ya hizi, pata maandishi yanayosema picha zinahifadhiwa wapi, zinafutwa lini na kama zinatumika kufunzia mashine, na kila mfanyakazi aridhie mwenyewe.

Dai pia maelezo ya mtindo yahifadhiwe: namba ya rangi ya usuli, upande wa mwanga, ukubwa wa kichwa, macho yakae theluthi ya juu. Bila hayo, atakayeajiriwa miezi sita baadaye ataonekana mgeni kwenye ukurasa. Na kabla ya kulipia timu nzima, agiza picha za watu watatu tu: mwenye miwani, mwenye misuko na mwenye chumba chenye dirisha dogo. Zikirudi, zikuze hadi ukubwa kamili na uanze kukagua pembeni mwa nywele.