Joplin Niliyoiondoa Simuni na Kuirudisha

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mihtasari yote ya vikao vyetu naiandika katika Joplin, programu huria isiyolipiwa inayotumika kwenye Windows, macOS, Linux, Android na iOS. Mwezi uliopita simu yangu ilijaa hata ikakataa kupokea picha moja, nikalazimika kuiondoa programu hiyo na baadaye kuisakinisha upya.

Sikulifanya jambo hilo kwa moyo mweupe, kwa kuwa programu nyingine niliyoitumia zamani ilipotea na maandishi ya mwaka mzima baada ya mimi kuamini kialama cha wingu kilichokuwa pembeni mwa skrini. Joplin haina haja ya kuaminiwa kwa kialama. Ukiingia kwenye mipangilio na kufungua hali ya usawazishaji, yaani kulinganisha maandishi ya kifaa na ya mtandaoni, unaonyeshwa hesabu kamili ya maandishi yaliyokwisha kufika kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mimi nilikuta 611/614, na matatu yaliyosalia yalikuwa ya kikao cha juzi yake. Nikatafuta Wi-Fi, nikasawazisha tena hadi tarakimu zikalingana, ndipo nikathubutu. Kwenye Android, anayeondoa programu huondoa pia hifadhidata yake iliyomo simuni, ilhali kwenye kompyuta maandishi hukaa katika folda ya pembeni iitwayo joplin-desktop, ambayo kwa kawaida hubaki.

Hata hivyo usawazishaji si nakala rudufu, kwa sababu andiko lililofutwa kwenye simu hufutika na kwenye kompyuta pia. Kwa hiyo nilitoa kwanza, kwenye kompyuta, faili moja ya JEX, muundo wa Joplin wa kuhamishia maandishi, inayobeba madaftari, lebo na viambatisho kwa pamoja, nikaihifadhi kwenye flashi. Anayesawazisha kupitia Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, atakuta huko faili nyingi zenye majina ya herufi na tarakimu 32. Asizipange wala asizifute, maana hizo ni za programu yenyewe. Nimependa kwamba ipo kinga inayoizuia programu kufuta maandishi ya kwenye kifaa pale inapokuta hifadhi ya mtandaoni ni tupu.

Kurudisha kulikuwa kazi nyepesi: nilichagua hifadhi ileile, nikaruhusu, nikaiacha simu kwenye chaji. Kero ndogo ni daftari la makaribisho ambalo programu mpya huja nalo, na ambalo nililifuta.

Pagumu ni kwenye usimbaji fiche, yaani kuyafunga maandishi ili asiye na nenosiri asiweze kuyasoma. Aliyeuwasha zamani hatakiwi kuuwasha upya kwenye kifaa kipya kabla ya kusawazisha, la sivyo atajikuta na funguo mbili. Asubiri maandishi yashuke yakiwa yamefungwa, kisha aweke nenosiri kuu pale atakapoulizwa. Nenosiri hilo likipotea, hata watengenezaji hawawezi kumfungulia, na hapa naona programu ingepaswa kumwonya mtumiaji kwa sauti kubwa zaidi. Langu nimeliandika kwa kalamu nyuma ya daftari la hisa, ambalo mweka hazina hulifungia kabatini.