Pampu ya petroli kwa shamba la Dodoma: ipi uinunue, na injini mpya uilee vipi

Mvua zikishakatika Aprili, mwezi wa tano haujaisha utaona mboga zimeoteshwa kandokando ya makorongo, mizabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi inadai maji, na maduka ya Majengo yamepanga pampu mpya hadi barazani. Hapo ndipo linapoanza swali ambalo kila fundi wa injini ndogo analijua: "Fundi, ipi haisumbui?" Jibu fupi la jina la kampuni halimsaidii mtu. Pampu nyingi zinazoletwa zimekufa ndani ya msimu mmoja zilichaguliwa bila kupima kisima, au ziliharibiwa katika saa 20 za kwanza za kazi.

Kwa hiyo kisima kwanza. Funga jiwe kwenye kamba, pima kuanzia pale pampu itakapokaa mpaka maji yanapoanzia. Ukiweza pima mwezi wa kumi, kwa sababu kiangazi kikikolea maji hushuka, na pampu iliyovuta vizuri Mei itaanza kuvuta hewa Oktoba. Kwenye kibandiko utasoma kwamba inanyonya hadi mita 7 au 8. Hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Pampu inachofanya ni kuondoa hewa kwenye mpira. Kinachopandisha maji ni uzito wa hewa ya nje, na Dodoma mjini tuko karibu mita 1,120 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Dar es Salaam hewa hiyo ingeweza, kwa hesabu tupu, kupandisha maji mita 10 na kidogo. Kwetu ni kama 9. Toa mita moja na ushee kwenye namba ya kibandiko, kisha toa tena kwa ajili ya urefu wa mpira na viungio visivyobana sawasawa. Hata kwa yenye kibandiko cha mita 8, mimi sivuki mita 6. Kisima chako kikizidi hapo, pampu ya juu ya petroli si mashine yako hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Tafuta ya kuzamisha, ya umeme au ya sola.

Wapo wanaochimba kibaraza ndani ya kisima wakaishusha pampu ili iyakaribie maji. Tafadhali sana, usifanye hivyo. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na shimoni haina pa kutokea. Anayeshuka kuongeza mafuta anaanguka kabla hajajua kuna tatizo, na ndugu anayemfuata kumwokoa anaanguka naye.

Mwinuko huohuo unaila injini pia. Vitabu vya injini hizi vinasema nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo hapa umeshapoteza karibu asilimia 13 kabla hujavuta kamba. Ndiyo maana pampu inayotosha "kidogokidogo" huku kwetu haitoshi: utaishia kuipigisha resi ya mwisho kutwa nzima.

Sasa mpangilio wangu, kwa mkulima wa nusu ekari hadi ekari mbili za mboga au zabibu.

Namba moja ni Mchina, yaani pampu ya Kichina, wa inchi 2 (upana wa mdomo wa kupitishia maji) mwenye injini ya 168F. Najua wengi walitegemea jina jingine hapa, lakini nimeiweka juu kwa sababu ya spea. Injini hii ina cc 163, pistoni ya milimita 68 na mwendo wa milimita 45, vipimo vilevile vya Honda GX160, ambayo ndiyo iliyoigwa. Ringi, kabureta, koili, gasketi, kamba ya kuwashia, vyote vinapatikana mjini, na hata fundi wa Kongwa au Mpwapwa hatashindwa kuifungua. Pesa inayobaki nunua mpira mzuri wa kunyonyea na oili ya kutosha.

Wachina hawafanani, kwa hiyo usimalize biashara kabla hujaishika mashine. Vuta kamba taratibu bila kuwasha. Mkono lazima ukutane na kizuizi kigumu, uachie, kisha ukutane nacho tena. Kamba inayoteleza laini mwanzo hadi mwisho inakuambia kompresheni, yaani kubana hewa ndani ya silinda, ni mbovu. Fungua mfuniko wa chujio la hewa. Ukikuta sponji nyembamba peke yake inayocheza ndani ya nyumba yake, irudishe, tafuta yenye sponji na karatasi inayobana ukingoni pande zote. Angalia chuma cha aluminiamu pale pampu inapoungana na injini kama kina vishimo na mchanga wa kalibu. Na usikubali kibandiko cha nguvu farasi 7.5 kwenye injini ya cc 163. Honda wenyewe wanaitaja GX160 kwa nguvu farasi 4.8 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Anayeiga hawezi kumzidi anayemwiga kwa kiasi hicho, na muuzaji anayekubishia hapo atakubishia na siku ya warantii.

Namba mbili ni Honda halisi ya inchi 2, WB20XT, yenye injini ya GX120 ya cc 118. Kwa ubora wa mashine, hii ndiyo bora kuliko zote ninazozitaja. Kwenye karatasi inatoa karibu lita 600 kwa dakika, inakunywa kidogo, na inawaka kwa mvuto mmoja asubuhi ya baridi ya Julai. Kama unamwagilia kila siku mwaka mzima, ipandishe iwe namba moja bila kufikiri mara mbili. Nimeishusha kwa sababu mbili: bei yake inazidi ya Mchina mara kadhaa, na feki ni nyingi mno. Kwenye Honda halisi, aina ya injini imeandikwa kwa herufi zilizotokeza kwenye chuma chenyewe, na namba ya injini imegongwa papo hapo. Ukikuta jina liko kwenye stika na kasha peke yake, achana nayo. Muuzaji akikuambia, "Kaka, hii ni orijino, ila imekuja kwa njia nyingine," mshukuru, ondoka. Maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni ni nafasi nzuri ya kukutana na mawakala wenyewe na kuiona mashine ikifanya kazi.

Namba tatu: petroli ya inchi 3. Hii ni ya maji mengi ya karibu. Kwa majaruba ya mpunga ya Bahi, au ukivuta kutoka bwawani kwenda tambarare, inakufaa kuliko zote. Kwa kisima cha mkono haifai, inakausha kisima kisha inazunguka bila maji. Wengi hudhani inchi 3 ina nguvu kuliko inchi 2, kumbe mara nyingi injini ni ileile ya cc 163 iliyofungwa pampu pana. Maji yanakuwa mengi, kupandisha juu kunapungua.

Dizeli, aina ya 170F au 178F, naiweka ya nne. Inakula mafuta kidogo na inavumilia kazi ndefu, ila ni nzito, kuihamisha kutoka korongo hadi nyumbani kila jioni kunataka watu wawili, na nozeli na pampu yake ya mafuta havipendi dizeli chafu ya kidumu. Kwa kikundi kinachochangia shamba kubwa, na penye kibanda cha kuifungia, ni chaguo zuri sana.

Ya mwisho ni zile ndogo za kubeba mkononi, za kuchanganya petroli na oili. Bei inavutia, uzito unavutia. Lakini oili yake yote imo kwenye mafuta, hivyo kosa moja la kipimo linanokisha injini, pistoni inakwama, siku hiyohiyo. Zinazotaka 25 kwa 1, maana yake mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, na oili yenyewe iwe ya injini za aina hiyo. Ukimtuma kijana sheli bila kipimo, umeshaiweka rehani. Kwa kitalu cha miche sawa, kwa shamba hapana.

Umeshanunua. Sasa injini ilelewe, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Injini hizi husafirishwa bila oili. Narudia: bila oili. Weka mashine mahali palipo sawa, mimina oili SAE 30 au 10W-30, karibu lita 0.6, mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia. Ukipima kwa kijiti, kiingize bila kukikaza. Ndani yake hakuna pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo chini ya mkono wa pistoni kinachorusha oili juu kila kinapopita, kwa hiyo pampu ikikaa imeinama kwenye ukingo wa korongo, kijiko kinachota hewa. Chimba, sawazisha, weka ubao au mawe bapa. Kisha jaza maji kwenye tumbo la pampu kabla ya kuwasha, maana sili ya ndani inapozwa na maji hayo; ikizunguka kavu dakika chache tu inaungua na pampu inaanza kuvuja kwenye shafti.

Kuta za silinda mpya zina mikwaruzo midogo ya makusudi iliyokatizana, na ringi zinatakiwa zijisage juu yake mpaka zibane. Kazi hiyo inahitaji mzigo wa wastani. Ukiiacha injini iungurume kwa resi ya chini kutwa nzima kwa kuihurumia, ringi haziburuzwi vya kutosha, silinda inang'aa kama kioo, na kuanzia hapo itakula oili na kutoa moshi wa bluu. Ukiipigisha resi ya mwisho siku ya kwanza, joto linazidi na pistoni inakwaruza silinda. Njia ya kati ni hii: iwashe, iache dakika mbili tatu ipate joto, kisha ivute maji kwa nusu ya resi hadi robo tatu, ukipandisha na kushusha kila baada ya muda. Saa tano za kwanza ipumzishe kila baada ya saa moja hivi. Baada ya hapo ongeza muda wa kazi na resi polepole.

Vitabu vinataka oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20. Kwa Mchina mimi namwaga ya kwanza baada ya saa tano, kisha tena kwenye saa 20. Imwage injini ikiwa ya moto, kwenye chombo cheupe, uitazame juani. Utaona unga wa chuma unametameta ndani ya oili, na pengine chembe za mchanga wa kiwandani. Uchafu huo ulikuwa unapita kwenye beringi kila mzunguko. Kwa anayemwagilia saa tatu kwa siku, saa 20 ni wiki moja tu. Baada ya hapo badili oili kila saa 100 au miezi sita. Vali zipimwe injini ikiwa baridi: milimita 0.15 ya kuingiza hewa, 0.20 ya kutoa moshi.

Kisha vumbi. Hakuna kitu kinachoua injini Dodoma kuliko upepo wa kiangazi na chujio la hewa lililotupwa kwa sababu "linaizuia isipumue". Vumbi likishaingia kwenye silinda linageuka msasa. Vitabu vinasema chujio lisafishwe kila saa 50. Kwetu, pampu ikikaa karibu na barabara ya vumbi, lifungue kila wiki. Sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke kabisa, ilowekwe oili safi kidogo na kukamuliwa. Karatasi igongwegongwe tu, isioshwe.

Wa Hombolo wana jambo la ziada, maji ya bwawa lile yana chumvi na aluminiamu haiipendi. Kila mwisho wa kazi zungusha ndoo moja mbili za maji yasiyo na chumvi ndani ya pampu.

Na mvua zikirudi Desemba, mashine ikienda stoo, funga koki ya petroli ukiacha injini iendelee kuzunguka mpaka izime yenyewe, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage kilichobaki. Petroli iliyokaa miezi mitano huacha gundi inayoziba vitundu vya jeti, na Mei utavuta kamba mpaka bega liume. Ondoa plagi, dondoshea oili kijiko kimoja cha chai, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi, halafu acha kamba pale unapohisi imekaza, ili vali zote zikae zimefungwa na unyevu usiingie.