Kempa ya kukodi, Nairobi hadi Pwani: mlango ulifungwa na kamba

"Si umwambie shosho ashikilie mlango, Mombasa si mbali." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa kwenye simu na kijana wa kampuni iliyonikodisha kempa, yaani gari la kulala ndani. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Mtito Andei, malori yakipita yanatutikisa, na mlango wa kusukuma umechomoka kwenye reli unaning'inia. Shosho, yaani bibi, anayesemwa ni shangazi yangu, muuguzi mstaafu, na alisikia kila neno kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika.

Mtito Andei ni kama nusu ya safari. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, kwa hivyo hiyo "si mbali" yake ni zaidi ya kilomita 200, na kipande kinachofuata kinapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Nyani wamejipanga kando ya lami wakingoja mtu atupe ganda la ndizi. Ndovu nao wana njia zao pale. Sisi tuna gari lisilofungika.

Shangazi akaniomba simu. "Mwanangu, mama yako yuko hai?" Kimya. "Mpigie umuulize kama anaweza kushikilia mlango wa gari mpaka Mombasa, halafu unipigie unieleze." Kijana akakata. Nilipojaribu tena, simu haikupokelewa.

Na huyu ndiye yule yule aliyetupokea kwa "karibu mama, keti mama" siku ya kulipa! Kabla ujumbe wa M-Pesa haujaingia alikuwa mtamu kama asali. Vilivyomo ndani ya gari mtajisomea kwenye matangazo yao. Mimi nasema habari ya mlango.

Dereva wa lori, Mungu ambariki, alitupa kamba. Tukafunga mlango kwa nje, shangazi akahamia kiti cha mbele, tukaenda polepole mpaka Voi. Fundi wa Voi alichungulia chini, akacheka, akaniita nione. Mlango wa namna ile hubebwa na vigurudumu vya juu, vya chini na cha katikati, na hicho cha katikati ndicho kinachobeba upande wa nyuma. Chetu kilikuwa kimevunjika zamani, kikafungwa kwa waya, ule wa kufungia vyuma vya ujenzi. Waya wenyewe umeota kutu. Yaani walijua. Walimpa mtu gari, wakachukua dipoziti yake, wakamtakia safari njema, na walijua.

Fundi alitafuta kigurudumu cha matatu iliyokwisha, akakiweka, akatoza pesa ambazo naona haya kuzitaja kwa udogo wake. Mlango ukafunga. Kufuli ndiyo ilikataa kabisa.

Sasa wewe piga hesabu ya likizo na gari lisilo na kufuli. Mombasa tuliliegesha karibu na Fort Jesus, tukaingia kwa zamu: mmoja ndani ya ngome, mwingine analinda sufuria. Mji wa Kale vivyo hivyo, maana vichochoro vile havipitishi kempa hata ukiisukuma kwa upole. Shangazi alizunguka peke yake akarudi na mahamri na hadithi, mimi nikabaki na jua na waegeshaji wanaonishangaa. Nilimshauri twende Kusini kwa barabara ya Dongo Kundu tusihangaike, akakataa katakata, lazima apande feri ya Likoni. Tukapanda. Wa miguu wanavuka bure, gari linalipa. Alishuka makusudi avuke na umati, ati amehurumia pesa yangu. Kule Tiwi tumbili waliujua udhaifu wetu kabla hatujamaliza kuegesha. Mkate ulikwenda, sukari ikamwagwa kitandani.

Lakini gari nalo lina haki yake. Ile asubuhi ya Kilifi, tumeegesha karibu na bahari kwa mwenyeji mmoja, mlango wazi kwa hiari yetu safari hii, chai inachemka, ngalawa zinatoka. Shangazi alinyamaza muda mrefu, na huyo si mtu wa kunyamaza. Akasema hajawahi kulala vizuri namna ile tangu astaafu. Godoro ni zuri kweli. Pale pale niliamua nitawapa nyota nne na yule kijana nimsamehe.

Halafu tukarudi Nairobi. Yule yule kijana akazunguka gari, akaandika "mlango umeharibiwa na mteja", akakata nusu ya dipoziti. Shangazi alikuwa amekibeba kile kigurudumu kibovu na waya wake, amekifunga kwenye leso. Akakifungua juu ya meza, kutu ikamwagika kwenye makaratasi. Kijana akasema hicho si cha gari lao. Meneja akatokea, akatazama, akasema watatupigia.

Hawajapiga. Nyota nne zimekuwa mbili. Nikikumbuka ile simu ya Mtito Andei naona hata hizo mbili ni nyingi, kwa hivyo iwe moja, na ni ya godoro. Ukienda kuchukua gari kwa watu wa kempa, yeyote yule, inama utazame reli ya katikati kabla hujatoa simu ulipe. Shangazi anataka twende Lamu. Nimemwambia Lamu gari linaachwa Mokowe unapanda boti, akasema sawa, mradi lina kufuli. Mwenye kujua kampuni nyingine aniambie.