Uzoefu wangu na unga wa kukazia sakafu ya zege: godauni la mita za mraba 1,200, Dar es Salaam

Sakafu hii ina miezi 14 ya kazi: mita 30 kwa 40, zege la mm 175, foklifti mbili za tani 3 zikipita juu yake tangu asubuhi hadi jioni. Uso wake ulinyunyiziwa unga wa kukazia zege likiwa bado bichi, ule wa madini magumu usio na chuma. Kati ya mikanda sita tuliyomwaga, yaani vipande virefu vya sakafu, kimoja baada ya kingine, mitano imetoka kama jiwe na mmoja umetoa maganda. Unga ni uleule na mafundi ni walewale. Kilichotofautiana ni maji na saa.

Nianze na kiasi, maana hapo ndipo wengi hupunjwa. Unga huu huwekwa kilo 5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unamaliza mita za mraba 5 tu. Godauni lote lilikula mifuko 240, yaani mifuko 40 kwa kila mkanda wa mita 5 kwa 40. Ipange pembeni ya mkanda kabla ya gari la kwanza la zege kufika, mfuko mmoja kila mita moja. Mafundi wakifika mwisho na mifuko imebaki, kuna mahali wamenyunyiza hafifu, na mahali hapo patachakaa mapema. Hesabu mifuko mitupu kila asubuhi.

Unga hukaza milimita chache za juu. Kubeba mzigo si kazi yake, na yeyote anayekuuzia kwa maneno kwamba utapunguza unene wa zege anakudanganya. Foklifti ya tani 3 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4.5, ikinyanyua mzigo kamili, karibu asilimia 85 au zaidi ya uzito wote huangukia magurudumu mawili ya mbele. Hizo ni zaidi ya tani 3 kwa kila gurudumu. Kinachozibeba ni unene wa zege na udongo ulioshindiliwa. Hapa kuna moramu, yaani udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa kwa matabaka ya mm 150, kila tabaka likipimwa hadi asilimia 95 ya kipimo cha juu cha mshindilio cha maabara, juu yake nailoni ya geji 1000 iliyopishana mm 300, halafu BRC A252, yaani wavu wa chuma wenye waya wa mm 8 kila mm 200. BRC ilale juu ya vigoda vya nondo, mm 65 kutoka uso wa zege. Fundi akikwambia ilale kwanza juu ya nailoni, wataivuta wakati wa kumwaga, kataa: haivutwi. Na ikipanda mno, diski ya kukatia jointi, yaani mikato inayoelekeza zege lipasukie wapi, itaipitia.

Zege lilikuwa la nguvu ya daraja C30, saruji ya daraja 42.5, kokoto za Lugoba za mm 20, maji yasiyozidi nusu ya uzito wa saruji, slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) mm 100. Kila mkanda ulichukua mita za ujazo 35, magari matano ya mita 7. Tulianza saa nne usiku, kwa sababu jua la mchana wa Dar hukausha uso wakati tumbo la zege bado bichi, na nyufa nyembamba hutokea hata kabla mashine ya kulainisha uso haijapanda.

Mkanda wa nne ndio ulioharibika. Gari la tatu lilichelewa njiani, zege likaanza kuwa gumu, dereva akafungulia maji. Ndoo mbili za lita 20 katika gari la mita 7 zinatosha kupandisha slampu karibu mm 25 na kushusha nguvu ya zege. Lakini nguvu haikuwa hasara kubwa. Hasara ni kwamba kipande hicho kiliendelea kutoa maji juu wakati jirani zake, mbele na nyuma, wameshakuwa tayari. Mafundi wakanyunyiza unga mkanda mzima kwa pamoja, mashine ikafunga uso, maji yakabaki chini yake. Baada ya wiki tatu uso ulianza kuvimba na kubanduka vipande vya ukubwa wa sahani. Ukigonga kwa nyundo ndogo palipo pazima panalia kavu, palipoachana panalia kama debe tupu. Tangu hapo msimamizi hupima slampu ya kila gari, na gari lililoongezewa maji linarudishwa, hata kama mafundi wamesimama wanasubiri.

Saa ya kunyunyiza haijulikani kwa kutazama saa. Kanyaga kwa buti: alama ikizama mm 3 hadi 5 na maji yanayong'aa yamekwisha juu, anza. Pitisha kwanza mashine yenye sahani ili kufungua uso, kisha nyunyiza theluthi mbili za unga, kilo 3.3 hivi kwa mita ya mraba. Subiri ubadilike rangi, uwe mweusi kwa unyevu wa zege lenyewe, ndipo mashine ipite. Theluthi iliyobaki nyunyiza kwa kukatiza njia ya kwanza. Unga ukibaki mweupe na mkavu, umechelewa, na kuurushia maji kwa brashi ili ushike ni kosa kubwa: unapata ganda laini litakaloondoka na magurudumu. Kingo za kando ya mbao za fomu hukauka mapema kuliko katikati, na mashine haizifikii vizuri, kwa hiyo mafundi wawili wa mwiko wawe wanazishughulikia kwanza. Kwangu kingo ndizo zilizopendeza kuliko sehemu yoyote, na sifa hiyo ni ya mafundi.

Kumwagilia tulifanya siku saba, kwa magunia yaliyoloweshwa na nailoni juu yake. Nailoni ikigusa zege moja kwa moja huacha mabaka ya rangi. Hayapunguzi ugumu, lakini anayetaka sakafu ya rangi moja atumie dawa ya kupulizia inayozuia zege kupoteza maji. Foklifti ziliingia baada ya siku 28.

Sasa jointi, ambako unga haukusaidii hata kidogo. Tulikata kila mita 5, kina cha mm 50, masaa 8 hadi 12 baada ya kumwaga, mara tu diski ilipoacha kung'oa kokoto kwenye kingo. Ukingoja kesho yake, zege litajichagulia lenyewe mahali pa kupasuka. Kati ya mkanda na mkanda kuna nondo laini za mm 20, urefu mm 500, kila mm 300, nusu yake imevikwa bomba la plastiki ili zege lisinyae bila kushikwa. Zinyooke sambamba na uso. Nondo moja ikipinda inafunga jointi, na ufa unatokea pembeni yake. Kosa langu la kubana matumizi lilikuwa kutoweka chuma cha kulinda kingo kwenye njia kuu ya foklifti. Magurudumu madogo magumu ya troli za pallet yameanza kumega kingo hapo, ingawa mita moja kando uso haujapata hata mkwaruzo. Jointi tulizijaza epoksi nusu-ngumu, gundi ya kemikali inayoganda, baada ya miezi mitatu, zilipokuwa zimekwisha kufunguka. Silikoni ni laini mno, gurudumu huizamisha na kingo inabaki peke yake.

Kwa unga wenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Vumbi hakuna, mafuta yanafutika, na rula ya mita 3 ikilazwa juu ya sakafu inaonyesha pengo la mm 4 palipo pabaya zaidi. Mkanda wa nne ulitengenezwa: palipolia debe palikatwa mraba kwa diski, pakachimbwa mm 25, pakasafishwa kwa upepo na kujazwa mchanganyiko wa epoksi na mchanga. Viraka vimeshika na foklifti zinapita juu yake, ila rangi yake haifanani na sakafu nyingine na haitafanana.