Maua ya kukata au ya kwenye chungu, majira ya kuchipua uweke yapi ndani?

Hii mada hairudi mwaka mmoja ikaisha, kila baridi ikikatika watu wanauliza tena. Mi naweka yote mawili na nayapenda kwelikweli.

Kwa pesa, ya kukata unaona nafuu siku ya kwanza, ila wiki ikiisha mengi ushayatupa. Dafodili (yale maua ya majira ya kuchipua, mengi ya njano) ya kwenye chungu ikimaliza kuchanua usikate majani, yaache yanyauke yenyewe maana ndo yanalisha tunguu (kile kama kitunguu kilicho chini ya udongo), halafu lizike bustanini na mwaka unaofuata linaweza kuchanua tena.

Kwa uzuri wa papo hapo lakini, ya kukata yanashinda. Tulipu hata ukishaikata inaendelea kurefuka, asubuhi unakuta shingo imepinda kufuata mwanga wa dirishani, mi hapo husimama tu nikaangalia. Matunzo yake ni kubadilisha maji kila baada ya siku mbili na kupunguza ncha ya shina kidogo, na dafodili usizichanganye na wenzake moja kwa moja kwasababu utomvu wake unayaua mapema, ziloweke peke yake kwanza masaa kadhaa.

Ya chungu kinachoyaua sana ni maji mengi, gusa udongo kwanza.

Una paka? Mayungiyungi (lily) usilete, iwe ya kukata au chungu, hata chavua yake ni sumu kwao. Unahamahama, chukua ya kukata. Una kijibustani na subira, chungu kitakufaa zaidi.