Chujio la mkaa wa mifupa: tathmini baada ya miezi kumi na minne ya matumizi

Mwaka jana nilinunua chujio la maji la mkaa wa mifupa, la kupunguza floraidi, yaani madini ya majini yanayotia meno madoa ya kahawia, katika duka moja la vifaa vya maji mjini Arusha, kwa shilingi 120,000, nikalipeleka nyumbani kwetu Usa River. Ni ndoo mbili za plastiki za lita 20 zilizopandanishwa: ya juu imejazwa chembe nyeusi za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kiasi cha kilo 11, na ya chini hupokea maji yaliyokwisha kuchujwa na kuyatoa kwa koki. Tumelitumia kila siku kwa miezi kumi na minne, katika nyumba ya watu sita. Naona ni wajibu wangu kueleza kwa uangalifu linachokifanya na lisichokifanya, kwa kuwa nililipa gharama kubwa kuijua tofauti hiyo.

Wenyeji wa ukanda huu wa Mlima Meru hawahitaji kuelezwa floraidi ni nini, maana wanaibeba kwenye meno. Maji yetu hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha madini hayo njiani, na ndiyo sababu kuna vijiji ambavyo mtu anatambulika anakotoka mara anapocheka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Nchi yetu, kwa kutambua ugumu wa kupata maji ya namna hiyo, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, ikashusha kiwango hadi 4, na sasa inafuata 1.5. Kisima tunachochota sisi kilipimwa kikaonekana kina 5.8. Meno ya mtoto wangu wa kwanza yana madoa ya kahawia ambayo hakuna chujio litakaloyafuta, kwa sababu doa huingia wakati jino lingali linajengwa ndani ya ufizi, kuanzia uchanga hadi kama miaka minane. Nilinunua chujio kwa ajili ya mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu.

Jinsi mkaa huu unavyofanya kazi ni jambo linalostahili kueleweka na kila anayeutumia. Floraidi hukimbilia mifupa. Ikiingia mwilini hujishikiza kwenye madini yaleyale yanayoujenga mfupa na jino, na ikizidi kwa miaka mingi huleta maumivu ya viungo, uti wa mgongo mgumu, na matege kwa watoto. Chujio hili linaitegea floraidi mfupa mwingine kabla haijaufikia wa mtoto. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto wa nyuzi mia nne hadi mia tano hivi, kwa hewa kidogo, hadi nyama na mafuta yote yaishe na kubaki chembe nyeusi zenye vitundu vingi. Ikichomwa kidogo, maji hutoka na harufu na rangi ya njano. Ikichomwa kupita kiasi hugeuka nyeupe na nguvu yake ya kunasa floraidi hupungua. Kazi hii imefanyiwa utafiti hapa hapa kwetu kwa miaka mingi, katika kituo cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto, na sioni haya kusema kwamba najivunia jambo hilo.

Kwa floraidi, chujio limetimiza ahadi. Ndoo tatu za mwanzo zilitoka na weusi, nikazimwaga kama nilivyoelekezwa. Baada ya wiki moja nilipeleka maji maabara, yakapimwa 0.6. Baada ya miezi mitano yalikuwa 1.1. Baada ya miezi minane yalipanda hadi 2.9, ilhali dukani niliambiwa mkaa hudumu mwaka mzima. Katika muda huo wote ladha, rangi na harufu ya maji havikubadilika hata kidogo, na hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa mtumiaji asiyepima ataendelea kumnywesha mtoto maji yenye floraidi huku akiamini kwamba amemkinga. Mkaa uliojaa hauna dalili. Muda wa kudumu kwake hauwezi kutajwa kwa miezi bila kuuliza maji yana floraidi kiasi gani na nyumba inachuja lita ngapi kwa siku. Sisi tunachuja lita 25 za kunywa na kupikia tu, kwa maana maji ya kuoga na kufulia hayahitaji kuchujwa, na kwa hesabu yangu mkaa wetu ulichoka kabla ya kufikia lita 6,000. Nyumba yenye maji ya miligramu 3 ingekaa nao muda mrefu zaidi yetu. Yenye 10 ingeuchosha mapema sana.

Sasa nieleze lililoniuma. Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji kama maji haya bado yanahitaji kuchemshwa. Akanijibu, "Mama, ukishayachuja hapa ni salama, usijisumbue na mkaa wa jikoni tena." Nilimwamini. Kwa wiki kadhaa tulikunywa moja kwa moja kutoka kwenye koki, na katika kipindi hicho mtoto wangu wa pili aliugua homa kali, akalazwa, na vipimo vikaonyesha taifodi. Sidai kwamba nina ushahidi kuwa ugonjwa ulitoka kwenye ndoo ile, kwa sababu mtoto hula na kunywa mahali pengi. Hata hivyo, daktari alipouliza kuhusu maji ya nyumbani na nikamweleza, alinitazama kwa muda kisha akaniambia nirudie kuchemsha siku hiyohiyo.

Daktari alisema kweli. Bakteria wa taifodi na wa kipindupindu ni wadogo mno kuzuiwa na chembe za mkaa wa ukubwa wa punje za mchele. Hupita katikati yake kama vumbi linavyopita kwenye wavu wa kuku. Zaidi ya hayo, maji yakilala ndani ya ndoo siku mbili tatu bila kutumika, vijidudu vinaweza kuongezeka humo. Kwa upande mwingine, kuchemsha huua vijidudu lakini hakuiondoi floraidi: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki ileile, na kwa hiyo hukolea. Maji yetu yana maadui wawili, na dawa ya mmoja haimgusi mwenzake. Kinachotakiwa ni kuchuja kwanza, kisha kuchemsha, kisha kuhifadhi katika chombo safi chenye kifuniko. Anayetumia dawa ya klorini aiweke baada ya kuchuja, kwa kuwa mkaa huinyonya klorini na kuimaliza nguvu kabla haijafanya kazi.

Kuhusu umbo la chujio lenyewe sina mengi. Koki ilianza kuvuja mwezi wa nne nikainunua nyingine. Maji hutoka polepole, na hilo si kasoro, kwani yakipita haraka hayakai na mkaa muda wa kutosha. Mfuko wa mkaa mpya ni shilingi 25,000, bei ninayoiona ya haki. Kwa wenye sharti la dini, muuzaji alinihakikishia kwamba mifupa ni ya ng'ombe watupu, ingawa kwenye mfuko hapajaandikwa lolote, na panapaswa kuandikwa.

Nitaje pia magadi. Wengi wetu huyatia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, na magadi ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Hapana faida ya kuchuja maji ya kupikia kwa gharama hii kisha kuirudisha floraidi kwa kijiko. Nyumbani tumeyaacha, tunaloweka maharage usiku kucha.

Chujio hili nitaendelea kulitumia, na mwenye mtoto mdogo katika kata za Maji ya Chai, Usa River na jirani zake namshauri alinunue, mradi apime maji yake kabla na ayapime tena kila baada ya miezi mitatu. Duka lenyewe siwezi kulisifu kwa kiwango hicho. Mwezi uliopita nilipokwenda kununua mkaa mpya, nilimsimulia muuzaji yote yaliyotupata na kumwomba aandike kwenye kila chujio kwamba maji bado yanahitaji kuchemshwa. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa pole, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwenye ndoo iliyokuwa mbele yetu: "Huondoa floraidi. Chemsha maji." Ndoo nyingine kumi au zaidi zilizopangwa nyuma yake hakuziandika.