Hita ya Noah ilibaki namba 4 tu, fundi umeme wa Makambako kaimaliza

Kama uko Njombe au Makambako na feni ya hita kwenye Noah yako inasumbua, kuna kijana fundi umeme wa magari pale karibu na stendi ya Makambako, hana hata kibao, mpole tu. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeibana kwa sababu.

Tatizo lilikuwa hivi, feni inafanya kazi namba 4 tu, 1 mpaka 3 kimya. Watu wa Dar mtasema si uache tu, kwenu hiyo swichi kazi yake AC, ila huku mwezi wa sita wa saba asubuhi baridi ni kali, watoto wamejaa nyuma wanapumua, kioo cha mbele kinashika ukungu mpaka barabara huioni, na ukiweka namba 4 kelele zake hata redio unazima. Gereji ya kwanza niliyopeleka walisikiliza kidogo wakasema mota imekufa, leta laki na themanini. Sasa mota iliyokufa inavumaje namba 4 jamani?? Nikaondoa gari.

Huyu kijana hakutaja spea kwanza. Kashusha droo ya dashibodi upande wa abiria, kachomoa soketi ya rezista, kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke taratibu, kaunganisha kwa kipande cha waya, feni ikavuma. "Dada mota yako nzima, usitupe hela." Akaitoa rezista akaniwekea mkononi, ile waya yake ya springi imekatika, na soketi plastiki imeyeyuka imekuwa kahawia, pini moja nyeusi tii. Namba 4 umeme wake haupiti kwenye rezista, unaenda moja kwa moja, ndo maana yenyewe ilipona.

Kilichonikosha zaidi, hakukimbilia kupachika nyingine, alitaka kujua hii imeungua kwa nini. Kumbe rezista imewekwa ndani ya njia ya upepo makusudi, upepo wa feni ndo unaipooza, upepo ukipungua inachemka. Kachomoa filta ya AC, aisee, vumbi jekundu limegandana na majani ya paini, sijui niliwahi kuibadilisha lini hiyo. Halafu kaizungusha mota kwa mkono, kwamba ikiwa nzito inavuta umeme mwingi na itaunguza hata rezista mpya. Yangu ilizunguka laini, akapuliza vumbi la kaboni akairudisha.

Rezista yuzidi ya Gerezani, Dar, ilikuja na basi, elfu 30, soketi na vipande vya waya elfu 8, ufundi elfu 20. Soketi msikubali irudishwe ile ile iliyoungua hata kama fundi anasema bado inashika, pini zikilegea joto linarudi pale pale. Namba zote sasa zinafanya kazi, namba 2 inatosha kabisa kukausha kioo.

Nyota niliyobana: kaniambia njoo saa nne, nimekaa pale mpaka jioni mzigo haujafika na simu hapokei, na skrubu moja ya droo haijulikani iko wapi, nikipita kwenye rasta droo inalia kakakaka. Nimemwambia, kasema nipitie tu ataweka bure, ila saa ngapi hakusema.